Aliuawa na Nani? Kauli ya Kutendwa na Joto la Siasa Nchini Kenya

Tarehe 7 Julai 2025, siku ya kumbukumbu ya Saba Saba, vijana waliodhamiria kuandamana hadi katikati ya jiji la Nairobi walizuiwa na polisi katika barabara ya Waiyaki Way, mtaani Kangemi. Kabla ya siku kwisha, Eagle Nursing Home, hospitali iliyomo mtaani humo, ilikuwa imeeleza kwamba majeruhi sita walifikishwa hapo na kwamba watu wawili walikuwa wamekufa kwa majeraha ya risasi. Siku iliyofuata, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitaja vifo 31 na majeruhi 107 nchini kote, ilhali polisi walikuwa wametaja vifo 11. Tofauti ya hesabu hizo ilizua ubishi mkubwa, na ilistahili kuuzua. Hata hivyo, liko jambo jingine lililopita karibu kimyakimya, nalo ni jambo ambalo mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu wa kuliona kabla ya watu wengine: sarufi ya taarifa zenyewe.

Kwa msikilizaji wa redio nchini Kenya, sentensi hizi si ngeni: "Vurugu zilizuka mtaani." "Risasi zilisikika." "Vifo vilishuhudiwa." "Watu wawili walipoteza maisha." Ni sentensi sahihi, hakuna mwalimu atakayezitia kalamu nyekundu. Lakini zitazamwe kwa makini. Katika ya kwanza, vurugu ndizo kiima; zimezuka zenyewe kama uyoga baada ya mvua. Katika ya pili, kauli ya kutendeka imemwondoa aliyefyatua na hata aliyesikia. Ya tatu imo katika kauli ya kutendwa, nayo haina shahidi, ingawa kitenzi chake ni cha ushahidi. (Kitenzi hiki kimekuwa kipenzi cha vyumba vya habari kiasi kwamba siku hizi hata mvua na msongamano wa magari hushuhudiwa.) Ya mwisho ndiyo nzito zaidi. Katika "walipoteza maisha" kauli ni ya kutenda, na mtenda yupo; naye ni marehemu. Yeye ndiye aliyepoteza, mithili ya mtu aliyeangusha ufunguo akishuka matatuni. Kuna pia ile "risasi iliyopotea njia", ambayo hupenya ukuta wa mabati na kumwua mtoto aliyeketi kwao. Ni risasi yenye miguu yake na safari yake, na mkono ulioifyatua haumo katika masimulizi.

Aghalabu sentensi za namna hii huandikwa kwa nia njema. Mhariri huogopa kumchokoza mkubwa, huogopa pia kuamsha hasira za mtaani, na huamini kwamba kumficha mtenda ni kupoza joto. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Msikilizaji hawezi kukaa muda mrefu na kitendo kisichokuwa na mtenda. Akiambiwa "aliuawa", akili yake hutafuta neno linalofuata "na". Asipopewa, hulijaza mwenyewe, na hulijaza kwa kile kilicho karibu naye.

Kangemi ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili. Wapangaji wengi wa mtaa huo wana asili ya magharibi mwa Kenya. Wenye ploti wengi ni Wakikuyu, ambao jamaa zao walikuwa wakilima pale kabla ya jiji kuwafikia. Baina yao wamo watu waliotoka kila pembe ya nchi. Siku nyingi hukaa vyema. Hukopeshana unga, huzikana, watoto wao husoma darasa moja. Lakini siku ya msiba wa kisiasa, nafasi tupu baada ya "na" haikai tupu hata nusu saa. Kwenye viti vya kinyozi, sokoni kando ya barabara kuu, ndani ya matatu ya kwenda mjini, hujazwa kwa neno moja la herufi nne: "wale". Wale ni akina nani? Hutegemea anayesema. Kwa huyu ni kabila la mwenye nyumba, kwa yule ni kabila la mpangaji, kwa wa tatu ni wafuasi wa chama fulani. Mtu mmoja mwenye bunduki, mwenye namba ya kazi na mkubwa aliyemtuma, amekwisha kugeuzwa jamii nzima. Na jamii nzima haiwezi kushtakiwa mahakamani. Inaweza tu kuchukiwa.

Kenya imelipia somo hili kwa gharama kubwa. Yaliyotokea baada ya matokeo ya urais kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007 yamepewa jina la "ghasia za baada ya uchaguzi", jina linalotaja wakati tu na lisilomtaja mtu. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, ambayo ilitoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu vifo 1,133. Kati ya hao, 405 walikufa kwa risasi, yaani zaidi ya theluthi moja. Ni takwimu inayopaswa kumsimamisha msomaji, kwa kuwa katika kumbukumbu za wengi kipindi kile ni cha jirani kumkata jirani yake kwa panga. Panga lilikuwapo na jirani alikuwapo. Hakuna anayeweza kulikana hilo mbele ya waliofiwa. Lakini wapangaji wa mitaa ya mabanda hawakuwa na bunduki za kuua mamia ya watu, na Tume yenyewe haikusita kuwalaumu polisi. Je, kwa nini panga limekaa katika kumbukumbu na risasi imefifia? Sehemu ya jibu ni ya kisarufi. Katika masimulizi ya mitaani, waliokatwa walikatwa na "wale", na "wale" walikuwa na jina la kabila. Waliopigwa risasi walipigwa risasi tu, nukta.

Majina ya waliodhaniwa kuwa washukiwa wakuu yalitiwa ndani ya bahasha. Bahasha ilifungwa, ikakabidhiwa Kofi Annan, na mnamo Julai 2009 ikafika kwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kesi zilizofuata hazikumtia mtu yeyote hatiani: mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya William Ruto na mtangazaji Joshua arap Sang ikasitishwa Aprili 2016. Si kazi ya makala haya kuamua nani alikuwa na hatia na nani hakuwa nayo. Linaloweza kusemwa ni kwamba watu zaidi ya elfu moja waliuawa, na hadi leo sentensi hiyo ingali katika kauli ya kutendwa. Kwa muda fulani mtenda wake alikuwa ndani ya bahasha. Sasa hata bahasha haizungumzwi.

Wapo watakaopinga kwamba kumtaja mtenda ndiko kuchochea. Hoja hii si ya kudharauliwa, na walioipitia miezi ya Januari na Februari 2008 wana kila sababu ya kuyaogopa majina. Wanaweza pia kutoa mfano wa Rwanda, ambako kituo cha RTLM kilisoma redioni majina ya watu na mahali walipo katika mwaka wa 1994, nao wakasakwa na kuuawa. Lakini mfano huo ukichunguzwa unaunga mkono upande wa pili. RTLM haikutaja majina ya waliotenda jambo lililothibitishwa. Ilitaja waliokusudiwa kutendwa, na kosa lao lilikuwa kuzaliwa. Kumwita mtu mtenda wa kitendo fulani, kwa ushahidi, ni jambo moja. Kumwita mmoja wa "wale" ni jambo jingine, na umbali baina ya hayo mawili ndio umbali baina ya mahakama na mauaji ya halaiki.

Isitoshe, Kenya imekwisha kuijaribu dawa ya ukimya. Uchaguzi wa 2013 ulizungukwa na mahubiri ya amani kila upande, na baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu tarehe 30 Machi mwaka huo, wananchi waliokuwa na malalamiko waliambiwa wakubali na kusonga mbele. Neno "amani", ambalo ni miongoni mwa maneno mazuri sana ya lugha hii, lilianza kutumika kama kifuniko cha sufuria. Anayejua jikoni anajua kinachotokea sufuria ikifunikwa na moto usipunguzwe.

Dawa ya pili iliyojaribiwa ni kupiga maneno marufuku. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2008, ilitoa Aprili 2022 orodha ya maneno iliyoyaona kuwa ya chuki au ya hatari. Miongoni mwayo yalikuwamo "madoadoa", "kwekwe" na "mende". Miezi mitatu kabla ya hapo, aliyekuwa Seneta wa Meru, Mithika Linturi, alikuwa amekamatwa kwa kulitumia neno "madoadoa" katika mkutano wa hadhara mjini Eldoret, aliomba radhi. Nia ya Tume ilikuwa njema, na historia ya neno hilo katika Bonde la Ufa inajulikana. Lakini doa ni doa. Chui analo na shati linalo. Neno likipigwa marufuku Jumatatu, mwanasiasa huja na jingine Jumanne, na orodha hubaki ikikimbizana na ndimi.

Kilicho kibaya katika "madoadoa" si neno bali ni upatanisho wa kisarufi. Kiswahili kina kanuni ambayo huenda wasemaji wake hawaithamini ipasavyo: kiumbe chenye uhai hupewa upatanisho wa a-/wa- hata kama nomino yake imetoka katika ngeli nyingine. Husemwa "vijana wamefika", si "vijana vimefika". "Madaktari wamegoma", si "yamegoma". Hata mende, pamoja na karaha yake, huitwa "amekufa". Sasa msikilize mtu anayetaka "madoadoa yaondolewe". Amewatoa binadamu katika ngeli yao, akawapeleka kwa mawe, matope na majani. Baada ya kiambishi "ya-" kukubalika masikioni, kitenzi chochote kinaweza kufuata, kwa maana mawe huvunjwa, matope huzolewa na majani huchomwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kulieleza jambo hili ubaoni kwa dakika tano, na lingewafaa wananchi kuliko orodha ya maneno ishirini.

Haki inadai kwamba kipimo hiki kitumike pande zote. Tarehe 25 Juni 2025, katika maandamano ya kuwakumbuka waliouawa mwaka mmoja kabla ya hapo wakati wa kupinga Mswada wa Fedha wa 2024, majengo ya mahakama ya Kikuyu, mwendo mfupi magharibi ya Kangemi, yalitiwa moto. Wengi wanaotetea maandamano, na haki ya kuandamana kwa amani bila silaha imo katika Kifungu cha 37 cha Katiba, husimulia kwamba mahakama "iliteketea". Mahakama haikuteketea kama nyasi za kiangazi. Ilichomwa, na aliyeichoma ana mikono miwili na jina. Mfanyabiashara ambaye duka lake "lilivunjika" siku ya maandamano anastahili kitenzi cha kutenda sawasawa na mama ambaye mwanawe "alipoteza maisha". Kuna vijana hodari wa hoja ambao hudai mtenda atajwe polisi wanapokuwa upande wa pili, kisha wao wenyewe hukimbilia kauli ya kutendeka mambo yanapowageukia.

Viongozi nao hawakusaidia. Siku moja baada ya maandamano hayo, Waziri wa Usalama wa Ndani Kipchumba Murkomen aliyafananisha na ugaidi uliovishwa vazi la upinzani, na katika wiki zilizofuata makumi ya vijana walifunguliwa mashtaka chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Tarehe 9 Julai, Rais William Ruto alisema kwamba mtu anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, kisha aende hospitalini akielekea kortini. Wachambuzi walijadili mguu. Wachache walijadili "apigwe". Ni kitenzi katika hali ya kuamuru na kauli ya kutendwa kwa pamoja: amri ipo, atakayeumia yupo, na atakayefyatua hayumo ndani ya neno. Polisi anayeisikia hawezi kusema aliambiwa yeye, na aliyeitoa hawezi kuambiwa alimtuma mtu. Mwaka 1990, siku ya Saba Saba ya kwanza, waandamanaji waliitwa wahuni na watumiaji wa dawa za kulevya. Miaka 35 baadaye waliitwa magaidi. Majina yamepanda cheo, lakini ni yaleyale: ni majina ya kundi, na kundi halihojiwi mmoja mmoja.

Kangemi ilikuwa na onyo lake mapema. Tarehe 12 Julai 2023, siku ya maandamano yaliyoitishwa na muungano wa Azimio, vitoa machozi viliangukia ndani ya Shule ya Msingi ya Kihumbuini, na wanafunzi zaidi ya 50 wakapelekwa hospitalini. "Viliangukia": tazama jinsi lugha ilivyo tayari kumfichia mtu. Polisi waliokuwa wakiwatawanya waandamanaji ndio waliovirusha. Kusema hivyo hakumtukani polisi yeyote asiyekuwapo pale, wala hakumfanyi mzazi wa Kihumbuini amchukie jirani wa kabila lolote. Kinyume chake, kunamwondolea jirani lawama. Miaka minane kabla ya hapo, tarehe 27 Novemba 2015, Papa Francis alizuru mtaa uohuo na kuwalaumu wastawishaji wa ardhi wasiokuwa na sura, wanaojaribu kunyakua hata viwanja vya michezo vya shule. Alichagua kivumishi chema. Wasiokuwa na sura ndio wanaoendelea kutenda.

Fasihi ya Kiswahili imeliona jambo hili mapema kuliko siasa. Katika riwaya ya Assumpta Matei, Chozi la Heri (2014), iliyosomwa kwa miaka kadhaa katika shule za sekondari za Kenya, Ridhaa hapotezi familia yake kwa "vurugu" zilizojizukia. Nyumba yake inachomwa, na aliyeichoma ni Mzee Kedi, jirani yake wa miaka mingi. Uchungu wa riwaya umo katika jina hilo. Msomaji hawezi kulikimbilia kabila, kwa sababu mwandishi amemweka mbele ya mtu. Ni ajabu kidogo kwamba maelfu ya wanafunzi waliulizwa maswali ya mtihani kuhusu maudhui na wahusika wa riwaya hiyo, kisha wakaenda kuandika habari ambamo nyumba huungua zenyewe.

Ushairi nao una funzo, ingawa lisitiwe chumvi. Katika mashairi ya kujibizana, malenga anayejibu hufungwa na bahari na vina vya mwenzake. Sharti asikilize kwanza ndipo ajibu. Hujibu lililosemwa na aliyelisema, wala hajibu fununu za "wale". Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walitupiana maneno makali namna hiyo mwanzoni mwa karne ya 19. Mashairi yao hayakuzuia vita vya Shela, na anayedai kwamba utenzi huzuia risasi anajidanganya. Yalichofanya ni kuacha kumbukumbu ambamo inajulikana nani alimwambia nani nini.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili hupenda makongamano yenye mada pana kama "Kiswahili na Amani", ambamo wasemaji hukubaliana kwa saa sita na kupiga picha ya pamoja. Kazi iliyopo ni ndogo na ya kuchosha zaidi. Wahitimu wa idara hizi ndio wanaokwenda kuwa wahariri wa taarifa za saa moja, wakalimani wa mahakamani, walimu wa insha, na waandishi wa matamko ya polisi na ya mashirika ya kutetea haki. Kauli za vitenzi hufundishwa kwao kwa mifano ya Juma na mpira: Juma alipiga mpira, mpira ulipigwa na Juma. Semina moja ya sintaksia ingeweza kuzichukua taarifa za tarehe 7 Julai 2025 badala ya mpira wa Juma. Kila kitenzi kipigiwe mstari, na mtenda wake aandikwe pembeni: polisi, muandamanaji, mporaji, mtu fulani kwa cheo chake. Pale asipojulikana, iandikwe "hajulikani", wala si "inadaiwa", neno ambalo limechakaa kwa kutumiwa kumtia hatiani mtu bila kuwajibika. Mkabala na watu wawili wa Kangemi, wanafunzi wataandika yale ambayo hospitali ilisema, yaani majeraha ya risasi, na yale ambayo barabara nzima iliona, yaani kwamba polisi walifyatua risasi pale siku hiyo. Nafasi itakayobaki, ya jina la aliyefyatua risasi zilizowaua, haiwezi kujazwa darasani. Ni ya Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na nakala ya zoezi hilo inaweza kupelekwa ofisini kwake.